Meno Yanapolegea Katika Umri wa Makamo: Yang'olewe Yote au Yaokolewe Yanayofaa?

Katika kliniki za meno za hospitali za umma kuna ombi ambalo wahudumu wamelizoea. Hutoka kwa wakazi wa miaka 40 hadi 60, nalo huwa fupi: "Daktari, yang'oe yote, unitilie ya bandia, nipumzike." Anayesema hivyo huwa kweli amechoka. Amekesha akiuguza gego, amemeza dawa za maumivu za dukani mpaka tumbo likaanza kumsumbua, ameacha mahindi ya kuchoma, ameacha nyama, na akicheka hufunika mdomo kwa kiganja.

Mwenzake wa rika hilo hilo ana meno manne yanayocheza na ufizi unaotoa usaha, lakini neno kung'oa hataki kulisikia. Kwake meno bandia ni mambo ya babu na nyanya. Atatafunia upande mmoja, atasukutua kwa maji ya chumvi, na safari ya hospitali ataiahirisha mpaka karo ya muhula huu ilipwe, kisha mpaka ya muhula ujao.

Uamuzi ni wao, maana kinywa ni chao. Hata hivyo jino la mtu mzima likishang'olewa halioti tena, na mtu wa miaka 47 anayeondoka hospitalini na kinywa kitupu huenda akaishi hivyo miaka 30 mingine. Kwa sababu hiyo, kabla ya kuuliza kama meno bandia yanafaa au hayafai, kuna swali linalotangulia: kati ya meno yaliyobaki, ni yapi ambayo bado yana kazi ya kufanya?

Uzee hauna lawama

Wengi huamini kwamba meno kulegea ni sehemu ya kuzeeka, kama mvi. Sivyo. Watu wazima hupoteza meno kwa sababu kuu mbili, nazo ni kutoboka kwa meno na ugonjwa wa ufizi. Utafiti wa kitaifa wa afya ya kinywa uliofanywa nchini Kenya mwaka 2015 uliwakuta karibu watu wazima wote waliopimwa wakiwa na ufizi unaotoka damu.

Ugonjwa wa ufizi una hila yake: kwa miaka mingi hauumi. Utando laini wa vijidudu usiposafishwa huganda ukawa ugaga, yaani ule uchafu mgumu kama chokaa unaoshika shingo ya jino. Ufizi huvimba, ukaachana na jino, na mfupa unaolishikilia jino ukaanza kuliwa polepole chini kwa chini. Ndiyo maana mtu hupita miaka 20 akiona damu kidogo kwenye mswaki asijali, kisha akifika 45 meno ya mbele yanaanza kuachana, yanaonekana marefu kuliko zamani, na akiuma tunda yanatikisika.

Sigara huficha dalili, kwa kuwa ufizi wa mvutaji hautoki damu sana hata ukiwa mgonjwa. Kisukari kisichodhibitiwa nacho huongeza kasi ya mfupa kuliwa, na ufizi wenye uambukizo hufanya sukari iwe ngumu kudhibiti. Mtu ambaye meno mengi yamelegea kwa pamoja katika muda mfupi anastahili kupimwa sukari kabla hajapimwa meno bandia. Si mara moja wala mbili ambapo kiti cha daktari wa meno kimekuwa mahali pa kwanza pa mtu kujua kuwa ana kisukari.

Kinywa hakihukumiwi kwa jumla

Anayesema "meno yangu yote yameharibika" mara nyingi hayuko sahihi. Kinywa kikiuma, huuma chote. Daktari akishagusa jino moja moja, hesabu hubadilika.

Uchunguzi wa kweli huchukua muda. Daktari wa meno au afisa wa afya ya kinywa hupitisha kifaa chembamba kati ya ufizi na jino kupima kina cha mfuko uliojitokeza, hulisukuma kila jino kuona linavyocheza, hugonga kusikiliza kama linauma, na hupiga eksirei kuona mfupa uliobaki kuzunguka mizizi. Jino linaloonekana jeusi na lililovunjika laweza kuwa na mzizi imara, likasafishwa, likazibwa, likaendelea kutumika. Jino jeupe lisilo na tundu lolote laweza kuwa limebaki likining'inia kwenye ufizi tu. Macho ya mwenye kinywa hayatoshi kuamua.

Kulegea nako kuna viwango. Jino linalocheza kidogo kwenda mbele na nyuma bado lina matumaini. Mara nyingi ugaga ukiondolewa, mizizi ikasafishwa chini ya ufizi, na mwenyewe akajifunza kupiga mswaki ipasavyo, uvimbe hupungua na jino hukaza baada ya wiki kadhaa. Jino linalobonyea kwenda chini likikandamizwa na kurudi juu, hilo mfupa wake umekwisha. Kulisubiri ni kujichelewesha. Kwa hiyo pale ambapo hakuna jipu wala maumivu makali, ni jambo la busara kwanza kusafishwa kinywa kizima, kisha kurudi baada ya miezi miwili au mitatu kupimwa upya. Meno yaliyokuwa kwenye orodha ya kung'olewa huenda yakatoka humo.

Hapa litajwe kosa moja linalowaponza watu wa sehemu za Bonde la Ufa ambako maji ya visima yana madini mengi ya floraidi. Meno yao huwa na madoa ya kahawia tangu utotoni, na baadhi yao huyachukulia kuwa meno mabovu. Rangi ile ni doa la jino lenyewe lilivyokua. Si dalili ya kuoza wala ya kulegea. Kung'oa jino imara kwa ajili ya rangi yake ni hasara, na zipo njia za kulifunika likapendeza.

Meno mangapi yanatosha?

Mtu mzima aliyekamilika ana meno 32, magego ya mwisho yakiwemo. Hahitaji yote. Kwa miaka mingi Shirika la Afya Duniani limetumia meno 20 kama kiwango cha kinywa kinachofanya kazi bila msaada wa meno bandia, na Japani ilianzisha mwaka 1989 kampeni iitwayo 8020, kwa maana kwamba mtu afike miaka 80 akiwa na meno yake 20. Hapa jirani, utafiti uliofanywa kwa watu wazima nchini Tanzania na kuchapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba waliobaki na meno ya mbele, magego madogo yote na angalau jozi moja ya magego makubwa yanayokutana juu na chini walikuwa wakitafuna vya kutosha. Waliopungukiwa zaidi ya hapo ndio waliolalamika kuhusu vyakula vigumu.

Maana yake ni kwamba si kila pengo linataka kuzibwa. Wazee wengi wa Kijaluo waliong'olewa meno sita ya mbele ya chini wakiwa vijana kwa desturi, wakaishi na pengo hilo maisha yao yote. Pengo la gego moja la nyuma, lisiloonekana na lisilozuia kula, laweza kuachwa lilivyo, na fedha zikatumika kutibu meno yaliyosalia. Daktari anayemwambia mgonjwa kwamba hahitaji meno bandia kwa sasa huwa hajamnyima huduma.

Taya hupungua

Jambo ambalo wagonjwa wachache huambiwa mapema ni kwamba mfupa wa taya unaoshikilia meno upo kwa ajili ya meno. Jino likiondoka, mfupa huo hauna tena kazi, nao huanza kuyeyuka. Hupungua kwa kasi katika mwaka wa kwanza, kisha polepole, lakini hauachi. Uchunguzi uliowafuatilia watu wenye meno bandia kwa miaka 25, na ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 1972, uliona kwamba sehemu ya mbele ya taya la chini hupoteza takriban mara nne ya kile linachopoteza taya la juu.

Hili ndilo linalofanya seti ya chini iwe taabu ya wengi. Seti ya juu hufunika kaakaa lote na kunata kwa mate na hewa, kama glasi iliyolowa inavyonata mezani. Seti ya chini haina kaakaa la kunata. Inakaa juu ya ukingo mwembamba wa ufizi wenye umbo la kwato, huku ulimi ukiisukuma kutoka ndani na mashavu kutoka nje. Ukingo huo ukishapungua, seti huelea. Aliyetiwa meno yote bandia akiwa na miaka 47 atakuwa na ukingo mdogo sana afikapo 70, umri ambao mwenzake aliyeyatia akiwa na 68 atakuwa ndiyo kwanza anaanza.

Kwa sababu hiyo madaktari hujitahidi sana kuokoa machonge ya chini. Mizizi yake ni mirefu, na mara nyingi huwa ya mwisho kulegea. Machonge mawili tu yaliyobaki, moja kila upande, yanatosha kushika vibanio vya meno bandia ya sehemu. Hata yakiwa yamevunjika, mizizi yake yaweza kutibiwa, ikakatwa usawa wa ufizi na kuachwa chini ya seti ili mfupa wa hapo usipotee upesi. Anayeomba yote yang'olewe kwa pamoja ili "amalize mara moja" huenda akaziacha nguzo hizo kwenye ndoo ya kliniki.

Lakini kung'ang'ania nako kuna gharama

Yaliyosemwa hapo juu yasimpe kisingizio yule anayeogopa. Jino lililooza hadi mzizi au lenye ufizi unaotoa usaha kila siku halikai pale bure. Uambukizo unakula mfupa uleule ambao kesho ungebeba meno bandia, na mfupa wa jino jirani pia. Mtu aliyevumilia meno mabovu miaka kumi mara nyingi hufika akiwa na ukingo uliobomoka, na seti yoyote atakayotengenezewa itamsumbua kuliko ambavyo ingemsumbua angefika mapema.

Kuna dalili zisizongoja miadi. Uvimbe wa uso unaopanda kuelekea jicho au kushuka shingoni, homa pamoja na maumivu ya jino, kushindwa kufungua kinywa, kumeza kwa shida au kupumua kwa shida: mtu huyo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Uambukizo wa jino unaweza kuua.

Mwenye presha, kisukari, ugonjwa wa moyo, anayetumia dawa za kuyeyusha damu, dawa za kuimarisha mifupa, au aliyewahi kutibiwa saratani kwa mionzi kichwani au shingoni, amweleze daktari kabla ya sindano ya ganzi. Asiache dawa zake kwa uamuzi wake mwenyewe eti ili jino litoke salama. Daktari ndiye wa kupanga.

Mfano wa hesabu

Ili kuona uamuzi unavyofanywa, mchukulie mwanamke wa miaka 48 anayeuza mboga sokoni. Amebakiwa na meno 17. Juu ana manane: manne ya mbele yanacheza na kutoa usaha, machonge mawili ni imara, na magego madogo mawili yametoboka. Chini ana tisa: sita ya mbele yenye ugaga mwingi na yanayotikisika kidogo, magego madogo mawili upande wa kulia, na gego moja la kushoto ambalo limebaki mizizi tu. Amekuja na ombi lile lile: yote yatoke.

Yakitoka yote, atahitaji seti mbili kamili. Atakaa wiki kadhaa sokoni akiwa na pengo tupu, au atengenezewe seti ya muda ambayo itamlegea ufizi unapopona. Seti yake ya chini itamtesa.

Njia nyingine ni hii. Siku ya kwanza mizizi ya gego la chini inatolewa, kinywa kinasafishwa, na anaonyeshwa namna ya kupiga mswaki kwenye mstari wa ufizi. Baada ya miezi mitatu anapimwa tena. Meno sita ya mbele ya chini yamekaza. Yale manne ya juu bado yanabonyea, kwa hiyo hayo yamekwisha. Gego dogo moja la juu linazibwa, la pili limepasuka mzizi na halifai. Daktari anachukua umbo la kinywa kabla ya kung'oa, maabara inatengeneza bamba la juu lenye meno yanayokosekana, na siku ambayo meno manne na lile gego yanatolewa, bamba linavalishwa papo hapo. Anarudi sokoni na meno ya mbele. Chini anabaki na meno yake manane, bila bamba lolote kwa sasa.

Amepoteza meno sita badala ya 17, na ametengenezewa bamba moja badala ya seti mbili. Bamba la akriliki lina faida nyingine: chonge likija kuharibika miaka kadhaa baadaye, jino linaweza kuongezwa kwenye bamba lile lile bila kuanza upya.

Mtu mwingine mwenye meno 17 vilevile anaweza kupewa jibu tofauti kabisa. Dereva wa miaka 52 ambaye meno yake yote yanabonyea na kila mzizi umezungukwa na usaha hana cha kuokoa. Kwake kung'olewa yote ndiyo tiba, na hatakiwi kuona haya wala kuambiwa alijitakia.

Aina zilizopo

Meno bandia ya kawaida hutengenezwa kwa akriliki, plastiki ngumu ya rangi ya ufizi. Ni ya bei nafuu, hutengenezeka upesi na hurekebishika yakivunjika. Meno bandia ya sehemu yanaweza pia kuundwa juu ya fremu nyembamba ya chuma. Hayo ni membamba, hayafuniki ufizi mwingi na hudumu zaidi, ila bei yake ni ya juu na yanataka maabara yenye vifaa. Yapo yale laini yanayopindika, ambayo watu huyapenda kwa kuwa hayana vibanio vya chuma vinavyoonekana. Tatizo lake ni kwamba kuyarekebisha au kuyaongezea jino ni vigumu, kwa hiyo hayamfai sana mtu ambaye meno yake mengine yako mashakani.

Daraja lisilotoka kinywani hushikizwa kwenye meno jirani baada ya kuyachonga. Linafaa pengo dogo lenye majirani imara. Vipandikizi ni skrubu za titani zinazopandwa kwenye mfupa wa taya. Mwaka 2002 wataalamu waliokutana katika Chuo Kikuu cha McGill, nchini Kanada, walipendekeza kwamba mtu asiye na jino lolote chini apewe seti inayoshikwa na vipandikizi viwili, kwa sababu tofauti ya kutafuna ni kubwa. Hilo ni kweli, na ni kweli pia kwamba kwa familia nyingi gharama yake iko mbali. Kujua kwamba lipo si hasara, hasa kwa aliyejaribu seti ya chini kwa miaka akashindwa.

Kuhusu muda, kuna njia mbili. Meno bandia ya papo hapo, kama ya yule muuza mboga, humwokoa mtu na aibu ya pengo, lakini ufizi ukinywea baada ya miezi michache hulegea na lazima yajazwe upya upande wa ndani. Njia ya pili ni kusubiri miezi miwili au mitatu ufizi upone ndipo umbo lichukuliwe. Yanakaa vizuri zaidi tangu mwanzo, ila mtu atapita kipindi hicho bila meno. Anayefundisha darasani, anayehubiri au anayehudumia wateja huenda akachagua ya kwanza. Mkulima anayejali fedha zaidi ya pengo huenda akachagua ya pili. Hakuna aliyekosea.

Wiki za mwanzo

Meno bandia hayatafuni kama meno ya kuzaliwa. Nguvu ya kuuma ya mtu mwenye seti kamili huwa robo hivi ya aliye na meno yake, na mara nyingi chini ya hapo. Aliyeahidiwa kwamba atarudi kuvunja miwa kwa meno amedanganywa.

Siku za kwanza mate hujaa, ulimi huona nafasi imebanwa, na wengine huhisi kutapika. Hupita. Kula kuanzie kwenye vyakula laini: uji mzito, viazi, ndizi za kupika, samaki, ugali na mboga zilizokatwa ndogo. Vipande viwe vidogo na vitafunwe pande zote mbili kwa wakati mmoja, kwa sababu kutafunia upande mmoja huinua seti upande wa pili. Githeri ichemshwe ilainike. Mahindi ya kuchoma yapukuchuliwe.

Kuzungumza nako kunarudi kwa mazoezi. Sauti za Kiswahili zinazohitaji meno ya mbele ndizo huyumba: f na v, s na z, th na dh. Mtu asome gazeti kwa sauti nyumbani, arudie maneno kama "thelathini", "fedha", "dhahabu" na "safisha" mpaka ulimi uzoee. Wengi huzoea ndani ya wiki chache.

Vidonda vya kubanwa ni kawaida, na dawa yake ni kurudi kliniki. Daktari hupunguza sehemu inayokwaruza kwa dakika chache. Wapo wanaojisugulia nyumbani kwa kisu au msasa, wakatoboa bamba au kuharibu mkao wake, na fedha zikaenda. Meno bandia huoshwa kila siku kwa mswaki na sabuni ya kawaida, juu ya beseni lenye maji ili yakiponyoka yasivunjike. Maji ya moto huyapinda. Usiku hutolewa na kuwekwa kwenye maji safi, ili ufizi upumzike. Anayelala nayo hukaribisha ukungu unaofanya kaakaa liwe jekundu. Meno ya asili yaliyobaki yanahitaji mswaki zaidi ya zamani, kwa sababu chakula hunasa kwenye vibanio.

Seti haidumu milele. Taya linabadilika chini yake, na kwa kawaida baada ya miaka 5 hadi 10 itahitaji kujazwa au kutengenezwa upya. Gharama hiyo ihesabiwe tangu leo.

Fedha, na mtu wa kumwamini

Kabla ya kukubali, mgonjwa aombe jumla ya gharama kwa maandishi: kusafishwa, kung'olewa, eksirei, meno yenyewe, marekebisho ya baadaye, na safari ngapi zitahitajika. Seti kamili kwa kawaida huhitaji safari nne au tano, kwa kuwa kuna kuchukua umbo, kupima namna mataya yanavyokutana, kujaribu meno yakiwa kwenye nta, kisha kuvalishwa. Hatua ya nta ndiyo ya kusema kama meno ni makubwa mno au rangi haipendezi; baada ya hapo kubadilisha ni vigumu. Waliojiandikisha na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, waulize kaunta ya hospitali mapema ni huduma ipi ya meno inayolipiwa katika kituo hicho na ipi watatoa mfukoni.

Wapo watu wanaopita masokoni na mitaani wakiahidi meno bandia ya siku moja. Baadhi yao humwaga plastiki ya majimaji kwenye pengo na kuigandisha moja kwa moja kwenye meno jirani. Jino hilo halitoki. Chakula huoza chini yake, ufizi huvimba, na baada ya mwaka aliyekuwa na pengo moja ana matatu. Daktari wa meno nchini Kenya husajiliwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC, na mkazi ana haki ya kuuliza leseni na kuitafuta kwenye sajili ya baraza hilo mtandaoni. Fundi wa maabara ya meno ana ujuzi wa kutengeneza seti, lakini kung'oa na kutibu si kazi yake.

Daktari akisema meno yote yatoke, si utovu wa adabu kumwomba aonyeshe kwenye eksirei ni kwa nini kila moja haliokoleki, au kutafuta maoni ya daktari wa pili. Pale ambapo jino halina maumivu wala usaha, wiki moja ya kufikiri haidhuru kitu.

Aliyekwisha kuvaa seti kamili naye hana ruhusa ya kuisahau kliniki. Anapaswa kukaguliwa kinywa mara moja kwa mwaka, hata kama hana jino hata moja, na akipata kidonda ambacho hakijapona kwa wiki mbili baada ya seti kutolewa au kurekebishwa, doa jeupe au jekundu lisilofutika, au uvimbe kwenye ufizi au ulimi, aende bila kungoja mwaka utimie. Wavutaji sigara, wanaotumia ugoro na wanaokunywa pombe kwa wingi ndio wenye hatari kubwa zaidi ya saratani ya kinywa, nayo ikigunduliwa ingali ndogo hutibika kwa urahisi zaidi.